Upande wa Santuri Ndio Saa ya Pango: Mwongozo Kamili wa Michezo ya Uhusika ya Kale na Hevi Metali

Santuri ya inchi 12 kwa kawaida hupiga dakika 20 hivi kila upande. Kisha sindano inafika katikati, muziki unakatika, na lazima mtu ainuke aigeuze. Wengi huiona hiyo kuwa kasoro. Kwenye meza ya mchezo wa uhusika wa zamani, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake pangoni na refa husimulia kinachowakuta, ndiyo faida yenyewe, kwa sababu michezo hiyo ilijengwa juu ya muda unaokwisha: mwenge unaungua, chakula kinapungua, na kadiri mnavyobishana mlangoni ndivyo zimwi linavyopata nafasi ya kuwakuta. Hapa tunaeleza jinsi ya kuviunganisha viwili hivyo kwenye sebule ya kawaida ya Nairobi, kuanzia dadu hadi jirani wa ghorofa ya chini.

Undugu wa michezo hii na hevi metali haukubuniwa na mashabiki. Mwongozo wa refa wa Dungeons & Dragons (D&D) uliochapishwa 1979 una orodha ya waandishi waliouchochea mchezo, na Michael Moorcock yumo. Mwaka uliofuata Moorcock huyohuyo alishiriki kuandika wimbo wa bendi ya Blue Öyster Cult kuhusu upanga mweusi wa mhusika wake Elric. Bendi ya metali ya Bolt Thrower, ya Uingereza, ilichukua jina lake kwenye mchezo wa vita wa Warhammer, na albamu yake ya 1989 ikapambwa kwa michoro ya Games Workshop, kampuni yenye mchezo huo.

Kuchagua mchezo

D&D ilitoka 1974 Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Vijitabu hivyo ni vya kuhifadhi zaidi kuliko vya kuchezea. Maelezo yana mapengo. Toleo la kuanzia ni Basic ya 1981 iliyohaririwa na Tom Moldvay: kurasa 64, kanuni zote za mhusika wa ngazi ya 1 hadi ya 3, na mifano inayoeleweka. Faili lake la PDF huuzwa kihalali mtandaoni. Asiyetaka kulipa achukue Basic Fantasy, mchezo uliotoka 2007 kwa mtindo uleule, ambao faili lake ni la bure. Tofauti moja iangaliwe: kwenye Basic Fantasy namba ya kinga ikipanda ndiyo bora, kwenye kitabu cha 1981 ikishuka ndiyo bora. Ukichanganya viwili hivyo, mpiganaji aliyevaa chuma atapigwa kama aliye kifua wazi, na kikao kizima kitapita kabla mtu hajagundua.

Michezo mingine mitatu inafaa kutajwa. Tunnels & Trolls ya 1975 hutumia dadu za kawaida za pande sita pekee, hivyo dadu za ludo zinatosha. Traveller ya 1977 ni ya anga za juu. Unarusha dadu mbili na kutafuta 8 au zaidi, na mhusika anaweza kufa hata kabla mchezo haujaanza, wakati wa kumuumba. Call of Cthulhu ya 1981 ni ya upelelezi na vitisho, hutumia asilimia, na inaoana na albamu za polepole tu. Mwongozo huu unafuata Basic ya 1981.

Kuchapa kitabu ni kazi ya saiba. Mwambie mhudumu mambo mawili. Kwanza, faili ni la karatasi ya Kimarekani yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279, ilhali A4 ni 210 kwa 297. Bila kuchagua "fit", kingo za majedwali zitakatwa, na majedwali ndiyo mchezo wenyewe. Pili, aiagize printa ichape kwa mpangilio wa kijitabu, pande zote mbili. Kurasa 64 zitaingia kwenye karatasi 16 za A4 zilizokunjwa katikati. Maandishi yatakuwa madogo lakini yatasomeka. Chapa majedwali ya mashambulizi na ya kujiokoa mara ya pili kwa ukubwa kamili, umwekee refa mezani.

Dadu bila duka la dadu

Mchezo unataka dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, zinazoandikwa d4, d6 na kuendelea. "3d6" maana yake rusha dadu tatu za pande 6 na ujumlishe. Seti kamili kwa kawaida huagizwa mtandaoni na huchukua muda kufika. Wakati ukisubiri, tumia ludo, karata na sarafu.

Sarafu za Kenya zilizoanza kutolewa 2018 zina mnyama upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi. Kwa d8, rusha zote tatu. Simba akitokea hesabu 4, kifaru 2, twiga 1, nembo sufuri. Jumlisha kisha ongeza 1. Utapata namba yoyote kati ya 1 na 8 kwa nafasi sawa. Kwa d4, acha simba kando, tumia kifaru na twiga, ongeza 1. Kwa d12, rusha dadu ya ludo pamoja na sarafu moja. Mnyama akitokea ongeza 6. Kwa d10, chukua karata za kopa kutoka esi hadi kumi, chomoa moja, irudishe na uchanganye upya. Kwa d20 fanya hivyo pamoja na sarafu: mnyama ongeza 10.

Kosa la kawaida ni kujumlisha dadu tatu au nne za ludo ili kupata kitu kinachofanana na d20. Usifanye. Jumla ya dadu nyingi hukusanyika katikati, namba za katikati zinajaa, 1 haitokei kabisa, na uwezekano wote wa kitabu unavurugika.

Kuumba mhusika, dakika kumi

Rusha 3d6 mara sita kwa mfuatano: nguvu, akili, busara, wepesi, uimara, mvuto. Usizipange upya. Alama ya 9 hadi 12 haina nyongeza. 13 hadi 15 ni +1, 16 na 17 ni +2, 18 ni +3, na chini ya 9 unapunguziwa kwa utaratibu huohuo. Kisha chagua aina: mpiganaji, kasisi, mchawi, mwizi, kibeti, halfulingi (mtu mdogo wa hadithi) au elfi (kiumbe wa hadithi mwenye uchawi). (Kwa Kiswahili "elfu wawili" ni tatizo la hesabu, ndiyo maana tunaandika elfi.) Mpiganaji na kibeti hurusha d8 ya uhai, kasisi, elfi na halfulingi d6, mchawi na mwizi d4. Uhai ukifika sufuri, mhusika amekufa.

Fedha ni 3d6 mara 10. Tuseme umepata 11, yaani vipande 110 vya dhahabu. Mpiganaji anunue fulana ya minyororo 40, ngao 10, upanga 10, mkoba 5, chakula cha wiki 5, kibuyu cha ngozi 1, mienge 12 kwa 2, kiberiti cha jiwe 3, kamba futi 50 kwa 1, na fito ya futi 10 kwa 1. Jumla ni 78, zinabaki 32. Hapo wengi hukimbilia silaha ya pili. Heri mafuta ya taa kwa 2 kila chupa, na kibarua wa kubeba mienge. Fito ile ya futi 10 ndiyo itakayookoa maisha kuliko upanga: ndiyo inayogonga sakafu mbele yenu.

Minyororo na ngao hukupa kinga 4. Goblini, zimwi dogo la pangoni, anahitaji 15 au zaidi kwenye d20 ili akupige, yaani asilimia 30. Asiye na vazi lolote ana kinga 9, na goblini yuleyule anahitaji 10 tu, asilimia 55. Ndiyo maana mchawi mwenye uhai 2 hatangulii mlangoni.

Kuchora pango

Daftari la hesabu la miraba, lile la shule ya msingi, linatosha kabisa. Mraba mmoja ni futi 10. Chora vyumba 12 kwenye ukurasa mmoja, vikiwa na angalau njia mbili za kutokea na mzunguko mmoja unaorudi ulikoanzia. Pango lenye njia moja iliyonyooka huwaua wachezaji kwa kuwa hawana pa kukimbilia.

Kila chumba rushia d6. Ikija 1 au 2 kuna zimwi, 3 ni mtego, 4 ni kitu cha ajabu utakachobuni, 5 au 6 ni kitupu. Kisha rusha tena kutafuta hazina: chumba chenye zimwi kina hazina kwa 1 hadi 3, chenye mtego kwa 1 au 2, kitupu kwa 1 pekee. Refa wageni huogopa vyumba vitupu na kuvijaza. Viache. Chumba kitupu ndicho kinachowafanya wachezaji wapoteze mwenge wakitafuta kisichokuwepo, na ndipo upande wa santuri unapomalizika.

Kiwango cha hazina ndicho refa wengi hukosea. Kipande kimoja cha dhahabu kilichotolewa nje salama ni alama moja ya uzoefu, na mpiganaji anahitaji 2,000 kufika ngazi ya pili. Wachezaji watano watahitaji karibu 10,000 kwa jumla. Ukiweka vipande 200 pango zima, watacheza hadi Krismasi wakiwa ngazi ya kwanza na kukata tamaa. Weka 1,500 hadi 2,000 katika vyumba 12, na nusu yake uifiche.

Mashine ya santuri na umeme wetu

Hapa ndipo fedha hupotea. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Pleya iliyotoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja, transfoma inaungua. Ukitumia kipunguza volti haitaungua, lakini pleya nyingi za zamani ambazo sinia huzungushwa na mkanda wa mpira zina mota inayofuata hezi za umeme, na kipunguza volti hakibadilishi hezi. Itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake: mizunguko 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓.

Pima hivi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, hesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Sawa ni 100. Ukipata 83, una mashine ya hezi 60. Sauti itakuwa imeshuka kama nusu-toni tatu, na kwa metali unaweza usitambue kwa sikio: Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, alilegeza nyuzi za gitaa lake kiasi hichohicho kwenye albamu ya 1971. Dawa ya mashine ni kubadilisha puli ya mota iwe ya hezi 50. Pleya ambazo mota huzungusha sinia moja kwa moja (direct drive), zenye udhibiti wa kwazi (quartz), hazina shida hii, volti tu ndizo za kuangalia.

Mashine ikiwa sawa, ipange kwa mpangilio huu:

1. Weka glasi ya maji juu ya meza uone kama meza imelala sawa. Sakafu za fleti nyingi zimeinama kidogo. Kunja kadibodi chini ya mguu.
2. Weka kizuia-mtelezo (anti-skate) sufuri. Zungusha uzito wa nyuma hadi mkono wa sindano uelee bila kupanda wala kushuka.
3. Ukiwa umeelea, rudisha pete ya namba sufuri bila kugusa uzito. Kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji, kile kichwa kinachobeba sindano. AT-VM95E, kwa mfano, hutaka gramu 2.0.
4. Weka kizuia-mtelezo namba hiyohiyo.

Uzito mdogo kupita kiasi ni hatari kuliko mkubwa kidogo, kwani sindano inarukaruka na kuchubua kuta za mfereji. Pleya za sanduku zenye katriji ya kauri hukandamiza kwa gramu 5 au 6. Santuri uliyoitafuta mwaka mzima usiipigie hapo.

Katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu. Ukiichomeka kwenye AUX ya woofa ya nyumbani utasikia sauti nyembamba isiyo na besi, na utadhani santuri ni mbovu. Kinachokosekana ni priampu ya fono, inayokuza sauti na kurudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kukata santuri. Baadhi ya pleya zinayo ndani, na swichi nyuma yenye PHONO na LINE. Kwa woofa weka LINE. Kwa amplifaya yenye tundu la PHONO weka PHONO. Ukiweka LINE kwenye tundu la PHONO, sauti itapasuka.

Mvumo mzito usiokoma ni waya wa ardhi ambao haujafungwa. Ngurumo inayokua taratibu kadiri unavyoongeza sauti ni woofa iliyokaa meza moja na pleya: besi inaitikisa sindano, sindano inairudisha kwenye woofa. Tenganisha, woofa chini sakafuni, pleya ukuta wa pili. Na dadu zirushwe meza nyingine. Ngumi ya furaha ya mtu aliyepata 20 inatosha kurusha sindano nyimbo mbili mbele.

Stima ikipotea, inua mkono wa sindano mara moja, chomoa plagi, na uwe na TV guard njiani. Endeleeni na mchezo kwa simu na spika ndogo.

Kununua na kuosha

Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na wasusi wa nywele, kuna santuri za kuchagua. Nyingi ni benga, rumba, soul, reggae na country. Metali hujitokeza kwa nadra, hivyo pekua kila boksi hadi chini, hasa yaliyoandikwa "rock". Inamishe santuri chini ya tochi ya simu. Mikwaruzo laini inayoonekana kwa mwanga tu itanong'ona. Ule unaokwama kwenye ukucha utarusha sindano. Itazame ubavuni pia: iliyojikunja kama sahani ya supu iliachwa kwenye gari juani, na hainyooki kirahisi.

Vumbi jekundu la jiji ni adui wa kweli. Changanya mililita 800 za maji yaliyokenekwa (distilled), mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone 2 ya sabuni ya vyombo. Maji hayo hupatikana kwenye vituo vya petroli, lakini soma chupa: kando yake huuzwa asidi ya betri. Spiriti ya hospitali isitumike, mara nyingi ina mafuta. Wala ile ya rangi, itaacha utando. Pangusa kwa kitambaa laini kufuata mifereji, usikate katikati, na lebo ibaki kavu. Suuza kwa maji yaliyokenekwa matupu, simamisha ikauke. Mchanganyiko huu ni wa vinyl pekee. Santuri nzito za kasi ya 78 walizoacha babu zetu ni za sheleki, na alkoholi inaiyeyusha.

Hifadhi kwa kusimamisha, kamwe si kwa kurundika, na mbali na ukuta wa nje wakati wa mvua za Aprili, vinginevyo jalada litaota kuvu. Ndani ya matatu ishikilie wima kati ya magoti.

Asiye na pleya asijinyime. Pakua albamu nzima kwenye simu, zima shuffle, soma nyuma ya jalada upande A unaishia wapi, na usimamishe hapo. Weka simu hali ya ndege. Hakuna kinachoua msisimko wa kaburi la mfalme kama ujumbe wa M-Pesa.

Albamu zipi, kwa mpangilio gani

Kikao cha alasiri chenye urefu wa saa tatu na nusu hubeba pande 8: dakika 20 za kusikiliza na 3 za kugeuza, mara nane, pamoja na dakika 20 za chai. Yaani albamu nne.

Anza na Black Sabbath, albamu yao ya kwanza, iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Inafunguka kwa mvua, radi na kengele. Refa asiseme lolote hadi gitaa liingie, ndipo aeleze mdomo wa pango. Ya pili iwe Master of Reality ya 1971, ile ya nyuzi zilizolegezwa. Ni fupi, pande zake ni kama dakika 17, kwa hiyo muda unawabana pale mnapoanza kuzoea. Baada ya chai wekeni Rising ya Rainbow, 1976. Upande wake wa pili una nyimbo mbili tu, kila moja zaidi ya dakika 8. Hapo ndipo pa chumba kikubwa. Ya nne, wakati wa kutoka mbio na magunia, ni Ace of Spades ya Motörhead, 1980.

Kundi likishazoea, jaribuni Epicus Doomicus Metallicus ya Candlemass kutoka Sweden, 1986, kwa makaburi, na Powerslave ya Iron Maiden, 1984, yenye pande za dakika 25 hivi na wimbo wa mwisho unaozidi dakika 13. Tahadhari: upande mrefu hubana mifereji, hivyo sauti iko chini kidogo na karibu na lebo hukwaruza zaidi. Metallica ya miaka ya 80 tunaipenda, lakini si mezani. Rifu zake, yaani mapigo ya gitaa yanayojirudia, zimesongamana, refa anaishia kupiga kelele.

Kiasi cha sauti hupimwa hivi: mchezaji aliyekaa mbali zaidi na refa asilazimike kuuliza "ati?". Akiuliza mara mbili, punguza, na upunguze sauti za kati kabla ya besi, kwa sababu ndiko mazungumzo yalipo. Usibadilishe wimbo ufuate mapigano. Refa anayekimbilia pleya kila panga linapochomolewa hupoteza dakika nne kila mara, na santuri inashikwa kwa vidole vya chipsi.

Kuhusu jirani: kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 huhesabu usiku wa maeneo ya makazi kuanzia saa 2 usiku, na kikomo chake ni desibeli 35, ambazo mazungumzo ya kawaida tu hupita. Anzeni saa 8 mchana, mmalize kabla ya saa 12 na nusu jioni, nauli za matatu zikiwa bado hazijapanda sana. Mwambieni jirani wa chini mapema. Besi hupita sakafuni. Kipande cha zulia nene chini ya woofa husaidia kuliko kufunga madirisha.

Kuendesha mchezo

Gawa kazi kabla ya sindano kushuka. Msemaji huwasilisha uamuzi wa kundi kwa refa. Mchora ramani huchora anayoambiwa. Mtunza mienge huweka alama za muda. Zamu moja ya kutembea ni dakika 10 za pangoni. Mwenge huisha baada ya zamu 6, chupa ya mafuta kwenye taa baada ya 24, na kila zamu ya sita ni ya kupumzika. Kila zamu 2 refa hurusha d6, na 1 ina maana kuna kitu kinakuja.

Kanuni yetu ya nyongeza, ambayo haimo kitabuni, ni hii: sindano inapofika mwisho, refa anarusha d6 moja zaidi, hata kama hakuna aliyetembea hatua. Kama kuna mapigano, raundi inamalizwa kwanza. Wakati santuri inageuzwa, mtunza mienge anasoma kwa sauti mienge iliyobaki na uhai wa kila mmoja. Athari yake huonekana haraka. Kundi linalobishana dakika kumi kuhusu mlango mmoja linajifunza kutazama sindano.

Wakutanapo na viumbe, refa asikimbilie vita. Arushe 2d6: 2 ni shambulio la papo hapo, 3 hadi 5 wana uhasama, 6 hadi 8 hawana uhakika, 9 hadi 11 hawashambulii, 12 ni urafiki. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jedwali hili ndilo linalowapa nafasi ya kujuana nalo. Inavyokuwa:

Refa: "Mlango wa mbao, umevimba kwa unyevu. Nyuma yake kuna sauti zinabishana."

Msemaji: "Wangapi?"

Refa: "Watatu, au zaidi. Hamwoni."

Mtunza mienge: "Wazee, huu mwenge umebakisha zamu moja."

Msemaji: "Basi hakuna kupiga teke. Kasisi anabisha hodi."

Refa anarusha: 5 na 4, jumla 9. "Kimya. Kisha sauti ya mkwaruzo: 'Nani?'"

Msemaji: "Mwambie ni wageni tu, tuna mafuta chupa mbili. Atuonyeshe ngazi iko wapi."

Goblini wanne, uhai wa kundi ukiwa 14 jumla, na hakuna aliyekufa. Wangepiga teke, goblini wangerushiwa ujasiri wao kwa 2d6 pale wa kwanza anapokufa na tena nusu yao wakianguka. Jumla ya dadu ikizidi namba yao ya ujasiri, wanakimbia. Refa akisahau kanuni hiyo, kila pambano hupiganwa hadi tone la mwisho, na ndipo watu husema mchezo wa zamani ni mkali mno.

Mhusika akifa, mchezaji wake anakuwa mtunza santuri. Ananawa mikono, anashika santuri kwa ukingo, na huku akiumba mhusika mpya. Dakika kumi ni nusu ya upande; upande unaofuata anaingia akiwa mateka aliyekutwa chumba cha pili.

Neno kuhusu wazazi. Marekani ya miaka ya 80 iliushitaki mchezo na muziki huu pamoja kwa ushetani, na hapa kwetu serikali iliunda tume kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994, kwa hiyo wenye umri wanakumbuka. Mkicheza kwa nyumba ya mzazi, mkaribisheni aketi kwa muda wa upande mmoja wa santuri kabla ya kuona majalada. Akiona ni hesabu za kujumlisha na ubishi kuhusu kamba, kwa kawaida anarudi kuuliza nani atakunywa chai.

Dakika za mwisho

Sindano ikiinuka mara ya nane, walio pangoni watoke au wahesabiwe wamepotea. Msisimamishe mchezo katikati ya chumba, kwa kuwa Jumamosi ijayo wawili hawatakuja. Jumlisheni hazina iliyofika nje. Vipande 620, kwa watano, ni alama 124 kila mmoja. Mwizi anahitaji 1,200 kupanda, kasisi 1,500, mpiganaji 2,000, mchawi 2,500. Andikeni kwenye daftari la miraba, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu. Pangusa sindano kwa brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume chake. Rudisha santuri kwenye mifuko yake kabla ya mtu kufungua bhajia zilizobaki.